Kijivu Juu, Kijivu Chini

Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, yuko ndege anayewavunja watu shingo na heshima kwa mpigo mmoja. Wataalamu humwita Artisornis moreaui. Mrefu wa sentimita kumi hivi, mla wadudu, mgongo wa kijivu, tumbo la kijivu hafifu. Alama yake ya maana ni mdomo mrefu mwembamba, nao huonekana vizuri akigeuza kichwa tu.

Hageuzi.

Mgeni wa mjini hupanda Amani na darubini ya bei ya pikipiki na kofia yenye mifuko. Hajatulia, ukungu umeziba vioo. Avifute kwa shati lenye jasho, vizidi kuwa kiza. Ghafla kitu kinatikisika. "Ndiye!" ananong'ona, kwa sauti ya kusikika mjini Muheza. Kumbe jani kavu, na lenyewe kijivu.

Ndege mwenyewe hupenda vichaka vya mimea itambaayo, pembezoni mwa msitu na penye miti iliyoanguka. Humo humo huishi binamu yake, Artisornis metopias, ambaye kichwa chake kina wekundu wa kutu. Ukiuona wekundu huo, si yeye. Usipoona kitu, huenda ndiye.

Halafu kuna siafu. Wakipita msituni, wadudu hukurupuka, na baadhi ya ndege huwafuata ili wajilie kiulaini. Mgeni aliyekodolea macho matawini hugundua msafara huo ukishamfika magotini, na hapo ndege wote wa kijivu huondoka kwa kelele zake.

Hata wenye kazi yao walihangaika. Reginald Moreau, Mwingereza, alifika kituo cha utafiti cha Amani mwaka 1928, akasaidiwa na mkusanyaji ndege hodari, Salimu Asmani. Ndege huyu alitangazwa kwa sayansi mwaka 1931, akapewa jina la Moreau. Mkewe, Winifred, naye hakuachwa: ndege wa milima ya Uluguru, Scepomycter winifredae, alipewa jina lake mwaka 1938. Yule wa Amani alionekana tena mbali sana, Njesi, kaskazini mwa Msumbiji, mwaka 1945.

Unayetaka kumwona, mchukue mwongozaji wa Amani anayeujua mlio wake, maana husikika kabla hajaonekana. Chomekea suruali ndani ya soksi. Na usikanyage vichaka: huyu ni miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka.