Sikio Limepona, Ulimi Umegoma

Tangu utotoni sikio langu la kushoto lilikuwa na tundu kwenye kiwambo, na kila msimu wa mafua lilitoa usaha. Mwishowe nikafanyiwa upasuaji: daktari alikata kipande cha utando juu ya sikio lenyewe, akaziba tundu. Usikivu ukarudi. Nikaanza kusikia hadi mambo ambayo jirani anadhani yanaishia ukutani kwake.

Tatizo lilianza kwenye chai. Ilikuwa na ladha ya sarafu. Nikamwaga, nikapika nyingine: sarafu ileile. Nikalaumu sufuria. Nikalaumu maji ya bomba, ambayo hata hivyo hayahitaji ushahidi mwingi. Mchuzi wa nazi, sarafu. Papai, sarafu. Chumvi ndiyo niliiona kwa mbali mno, basi nikawa naongeza tu, na mume wangu akawa anateremsha kila tonge kwa maji, macho yamemtoka, hasemi neno.

Kumbe alikuwa anasema kwingine. Mama mkwe aliteremka kwenye basi la Tanga akiwa na maembe mabichi, ndimu, doti ya kanga na mfuko wa udongo wa kula, ule wanaoupenda wajawazito.

"Mwanangu, nimesikia mdomo una chuma na chai huitaki. Mungu mkubwa!"

"Mama, ni sikio."

"Ee, sikio," akanikonyeza. "Hata huyu mumeo mimi alinianzia mguuni."

Udongo niliuonja kwa heshima yake. Sarafu.

Nilipomweleza daktari siku ya kukaguliwa kidonda, alicheka kile kicheko cha mtu ambaye chai yake iko salama. Mshipa wa fahamu unaobeba ladha kutoka theluthi mbili za mbele za ulimi, alisema, hupita ndani ya sikio la kati. Hukatiza nyuma ya kiwambo, katikati ya vijifupa viwili, nyundo na fuawe, kisha ukaungana na mshipa wa uso. Kila upande wa ulimi una wake. Ukivutwa kidogo tu wakati wa upasuaji, unanuna. Mara nyingine hulazimika kukatwa. Tezi kadhaa za mate nazo zinautegemea, ndiyo maana mdomo hukauka. Sina ugomvi na Muumba, lakini fundi umeme anayepitisha waya wa jikoni chumbani kwa wageni tungemfukuza.

Nyumbani nikajipima mbele ya kioo. Chembe ya chumvi kwenye ukingo wa kushoto wa ulimi: kimya. Nikaihamishia kulia kwa ncha ya kidole: chumvi, tena kali, kama kawaida yake. Nikamwita mama mkwe ashuhudie. Alitazama ulimi wangu, akatazama tumbo langu, akaenda kumenya maembe.

Pilipili peke yake haikunikimbia, kwa kuwa mwasho wake una mshipa wake mwingine. Nikashikamana nayo. Mume wangu, aliyekuwa akiteswa na chumvi, sasa akawa anatokwa na jasho pia, na hapo ndipo alipojifunza kupika wali. Hilo nalihesabu kuwa faida ya matibabu.

Wengi ladha huwarudia ndani ya miezi kadhaa. Wengine husubiri mwaka na zaidi, na wachache hawarudiwi kamwe. Yangu imerudi kwa vipande: sukari kwanza, kisha chumvi. Papai bado lina sarafu kidogo.

Basi wewe mwenye miadi ya upasuaji wa sikio, usiondoke kwa daktari kabla hujamuuliza habari za ulimi. Na mama mkwe mpigie simu mapema, kabla hajakata tiketi.