Changamkeni, Mmefurikiwa

Neno changamoto linasikika kama ndugu wa damu wa changamka. Asili yake ni kitu kinachokuamsha na kukutia hamu ya kujaribu. Sasa nenda Ifakara wakati wa masika, Mto Lumemo ukiwa umevunja kingo. Mpunga umelala chini ya maji, kuku wako juu ya paa, na mama mmoja amejitwika godoro, maji yakimfika kiunoni. Anatokea mheshimiwa na mabuti mapya ya mpira, anashika kipaza sauti: "Ndugu wananchi, tunatambua mna changamoto ya maji." Haya, wachangamke!

Shida, njaa, uzembe, wizi: maneno yote hayo bado yamo kwenye kamusi. Ubaya wake ni mmoja tu, ukiyataja watu huuliza nani kasababisha. Changamoto haina mwenyewe. Barabara mbovu ni changamoto, dawa kukosekana ni changamoto, fedha za mradi kuyeyuka nako ni changamoto, tena "inafanyiwa kazi".

Waheshimiwa, mafuriko ni mafuriko. Yaiteni hivyo, kisha mkazibue mitaro.