Zamu ya Simba

Mbwa wa jirani yangu hapa Amalemba, Kakamega, anaitwa Simba, na mchana kutwa kazi yake ni kulala. Mpite pale chini ya mparachichi, hafungui hata jicho. Zamu yake huanza taa zikizimwa. Anabwekea bodaboda, anabwekea jogoo, anabwekea mfuko mtupu wa simiti uliopeperushwa ukanasa kwenye ua. Watu wa kesha wakianza mapambio ng'ambo ya barabara, yeye ndiye sauti ya pili.

Nilimwendea mwenye mbwa kwa heshima. "Mulembe, Mama Faith." Akanimiminia chai.

"Mwalimu," akasema, "mbwa asiyebweka si ni kondoo tu? Mimi nikimsikia ndio napata usingizi."

Ndiyo hesabu yenyewe hiyo. Yeye anamlipa Simba ukoko wa ugali na mchuzi wa omena, salio namalizia mimi kwa macho mekundu.

Sheria naijua, msinione hivi. Katiba ya 2010, ile tuliyoipangia foleni mwezi wa Agosti, imemtaja mbwa! Jedwali la Nne linazipa kaunti kazi ya kudhibiti kelele, na chini kidogo, kutoa leseni za mbwa. Nazo kanuni za kelele za mwaka 2009 zinataka usiku mtaani pasizidi desibeli 35. Thelathini na tano! Mvua ya Kakamega ikigonga mabati imeshavunja sheria kabla Simba hajapiga mwayo. Na hata nikishtaki, nani atanisikiliza nikilalamikia mbwa katika mji ambao matangani spika ni ndefu kuliko marehemu?

Nikamwita mzee wa Nyumba Kumi aje ajisikilizie. Akafika saa nne usiku na tochi yake. Simba akamrukia mpaka mnyororo ukalia kwenye kigingi. Mzee akaruka nyuma, kofia ikaanguka matopeni. Moyoni nikasema, kesi imekwisha. Akaiokota, akaikung'uta gotini, akammulika Simba kuanzia masikio hadi mkia, kisha akamgeukia Mama Faith.

"Mama, huyu ana watoto? Kwangu wezi wanamaliza kuku."

"Pole, mzee," Mama Faith akajibu. "Alibaki mmoja, na huyo nimempa jirani wa upande ule mwingine wa Mwalimu."