Pongezi za Ringi Moja

Kwa Mheshimiwa Katibu Mkuu,
Chama cha Mpira wa Kikapu cha Mkoa Wetu.

YAH: PONGEZI KWA KUUENDELEZA MCHEZO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, kwanza pokea salamu za sisi wa jukwaani, yaani tunaokalia matofali yaliyobaki ulipojengwa ukuta. Tumesikia semina ya kuandaa mpango mkakati imefanyika hotelini na kumalizika salama, na kwamba rasimu imepatikana. Hongereni. Semina iliyopita nayo ilizaa rasimu, na ya kabla yake vilevile, kwa hiyo sasa tunazo rasimu za kuunda timu kamili na wachezaji wa akiba.

Nia yangu hasa ni kushukuru kuhusu saa. Sheria inasema timu ikishika mpira ina sekunde 24 iwe imerusha, na mpira ukigonga ringi ukawarudia washambuliaji wanapewa 14. Saa hiyo waliianzisha Wamarekani mwaka 1954, baada ya kuchoshwa na michezo kama ule wa 1950 uliokwisha kwa pointi 19 kwa 18, watu wazima wameng'ang'ania mpira kana kwamba ni wa urithi. Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse, akapiga hesabu: dakika 48 ni sekunde 2,880, mchezo mtamu huwa na mitupo kama 120 ya timu zote mbili, gawanya, unapata 24. Hakuitisha semina. Hakuna kumbukumbu kwamba alilipwa posho.

Kwetu mambo yako juu zaidi. Mezani anakaa kijana na simu yake ya mkononi, anahesabu kimoyomoyo mpaka zibaki tano, ndipo anapaza sauti: "Tano! Nne! Tatu!" Mama yake akimpigia, saa inasimama. Kwenye nusu fainali mama alikuwa na mengi ya kueleza, na wapinzani wetu wakakaa na mpira hadi kocha wetu akaanza kuhesabu mwenyewe kwa sauti. Mwamuzi akampa kosa la utovu wa nidhamu.

Ratiba pia haina mpinzani. Inaingia kwenye kundi la WhatsApp saa nne usiku, mchezo ni saa mbili asubuhi, na unaanza saa tano kwa kuwa mgeni rasmi yuko njiani. Vijana wanapasha misuli, inapoa, wanapasha tena. Akifika anatoa hotuba kuhusu umuhimu wa kujali muda.

Nije kwenye ringi. Ile ya upande wa barabarani iliondoka na watu wa chuma chakavu, nguzo yake na yote. Nilidhani ni hasara. Kumbe, kwa taarifa uliyoisoma kwenye mkutano mkuu, ni utekelezaji wa 3x3, mchezo wa ringi moja ulioingia Olimpiki kwenye michezo ya Tokyo mwaka 2021. Nilichelewa kuona ukubwa wa akili hiyo. 3x3 huchezwa nusu uwanja, dakika 10 au mpaka timu ifikishe pointi 21, na ringi ni moja tu. Ina maana chama, bila kunyanyua hata spana, kimetuletea mchezo mzima wa Olimpiki. Nina swali dogo la kiufundi: na hii iliyobaki ikiondoka, tutakuwa tumeanzisha mchezo gani?

Mipira mliyozigawia shule za msingi tumeipokea, na picha ya makabidhiano tumeiona. Yote ni namba 7, ya wanaume wazima. Mtoto wa darasa la tatu akiirusha kuelekea ringi ya mita 3.05, inatua kifuani kwa mwenzake. Kwingine watoto huanza na namba 5 na ringi ya mita 2.60, na wanawake huchezea namba 6, lakini huko kwingine nadhani hawana haraka ya maendeleo. Ligi ya wanawake yenyewe iliishia hatua ya makundi kwa kuwa fedha za waamuzi ziliisha kwenye fainali ya wanaume. Hilo nalipita, maana nikilianza barua hii haitabaki ya pongezi.

Kila tukiuliza habari ya uwanja wa ndani, unatujibu kwa Sudan Kusini. Nakiri mfano huo ni mzito. Nchi iliyopata uhuru mwaka 2011, ambayo wakati huo haikuwa na ukumbi wa ndani nyumbani kwake, ilicheza Kombe la Dunia 2023, kisha ikaenda Olimpiki ya Paris 2024 na kuifunga Puerto Rico 90 kwa 79. Siku chache kabla ya hapo, mjini London, iliibana Marekani mpaka ikafungwa 101 kwa 100, tena kwa goli la LeBron James zikiwa zimebaki sekunde nane. Mtaani kwetu watu walishangilia kama wameshinda wao.

Ila mfano huu, Mheshimiwa, huwa unausimulia nusu. Nusu nyingine ni Luol Deng, mchezaji wa zamani wa NBA, aliyekuwa rais wa shirikisho lao na kutoa fedha za mfukoni mwake kugharimia kambi za timu. Wewe umechukua sehemu ya kukosa ukumbi, ukaacha sehemu ya mfuko wa kiongozi. Kama tunaiga, tuige yote. Tuko tayari kuupokea mfuko wako kwa heshima zote, na mgeni rasmi tutamtafuta sisi.

Kigali hatukushauri uige, kwa sababu wale walijenga: ukumbi wa watu 10,000 ulifunguliwa 2019, na Ligi ya Kikapu ya Afrika ilipoanza 2021 ikaenda kuchezwa humo. Najua mlifanya ziara ya mafunzo. Kwenye picha mmependeza.

Halafu lile bango la ofisini, la Hasheem Thabeet, lenye maandishi "Matunda ya Mfumo Wetu". Kijana wa Dar es Salaam, aliyechaguliwa wa pili NBA mwaka 2009 na Memphis Grizzlies, hata wa mkoa huu hakuwa. Inasemekana alianza kikapu akiwa na miaka 15. Mita zake 2.21 hazikutoka kwenye rasimu ya mtu.

Mwisho, ombi. Hatudai saa ya ukutani wala sakafu ya mbao. Tunaomba ufunguo wa geti la uwanja. Anao mjumbe wa kamati tendaji, ambaye kila saa kumi na moja jioni hulifunga ili kulinda miundombinu, wakati huohuo watoto wakiwa wametoka tu shule. Wanaruka ukuta. Wiki jana mmoja alishonwa mguu. Fundi wa funguo yuko pale stendi, anachonga nakala mtu akisubiri, na gharama tutachanga wenyewe. Ikibidi jambo hili lipitie kikao, tafadhali tujulishwe tarehe, tuje na chai yetu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi, Safu ya Matofali.

Nakala: Mjumbe mwenye ufunguo.