Sakitu ya Malindi

Mwandishi wa maelezo ya pakiti za petunia ni mtu anayeishi na baridi mlangoni. Ile niliyoletewa na mpwa wangu kutoka Uingereza inaagiza mbegu ziatikwe ndani ya nyumba wiki 10 kabla ya sakitu ya mwisho, kisha miche itolewe nje hatari ikishapita.

Malindi iko nyuzi 3 na kitu kusini mwa ikweta. Julai, watu wanapojifunika kanga mbili na kuulizana dunia inaelekea wapi, kipimajoto kinaonyesha nyuzi 22. Sakitu ya mwisho utaihesabuje, na ya kwanza haijaja?

Nikampigia dada yangu aliyeolewa Kinangop. Huko sakitu si mchezo: usiku mkavu wa Januari, mbingu nyeupe, ardhi inapoteza joto lake lote, na alfajiri shamba zima la viazi limeungua. Alipoelewa ninachouliza akacheka mpaka salio likaisha. Alipopiga tena akasema, "Ukiitaka, nitakufungia kwenye gunia la viazi, ije na basi."

Mzee jirani yangu, nahodha mstaafu, alikuwa ukumbini akisikiliza.

"Hilo ua laogopa nini, mwanangu?"

"Sakitu, mzee."

"Basi limefika salama."

Kalenda yake yeye ni pepo. Kaskazi ikivuma, tangu Desemba hadi Machi, jua linachoma mpaka muarubaini unapukutika. Kisha masika, na Mei mvua haina adabu. Ikipungua, kusi imeshashika. Petunia asili yake Amerika Kusini, jamaa moja na tumbaku na nyanya. Hupenda jua lakini si tanuri, na mvua kubwa huyachana maua yake. Kwa hiyo hatari yetu sisi ni masika, na wiki zile 10 nikazihesabu kurudi nyuma kutoka mwisho wa mvua. Kwa hesabu hiyo nilikuwa sawa, na mpaka leo sijapata wa kunipinga.

Ila pakiti haikutaja pangaboi.

Mbegu za petunia ni vumbi tu. Gramu moja ina karibu mbegu 10,000. Tena hazifukiwi, maana zinataka mwanga ndipo ziote. Nilizinyunyiza juu ya udongo kwenye sinia, nikaiweka mezani karibu na dirisha, nikaenda kutafuta chupa ya kurashia maji. Mama akaingia kutoka sokoni, jasho linamtiririka, akawasha pangaboi namba tano.

Asubuhi ile tulikuwa na mahamri na mbaazi za nazi. Mama alionja, akatafuna polepole, akamwangalia msichana wa kazi. "Mbaazi leo hukuziosha? Zina mchanga." Nikanyamaza. Kuna mambo ambayo mtu mwenye akili hayaelezi mbele ya chakula.

Zilizobaki kwenye sinia ziliota. Julai nikazitoa nje, nyuma ya ukuta, maana kusi inakuja na chumvi ya bahari na haichagui ua wala bati. Mbuzi wa mtaa nao walifika kukagua. Mistari miwili wakaondoka nayo. Zikabaki za zambarau, chache, zimenyooka.

Shangazi alikuja kuziona jioni, saa ambayo petunia hunukia. Yeye ua analipima kwa kikuba: lisipokaa na asumini, mkadi na rihani, halina kazi. Akanusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akachuma moja pamoja na jani lake. Majani ya petunia yana vinyweleo vyenye utomvu unaonata; hilo lake lilikuwa limeshakusanya mchanga wa njiani, unyoya wa kuku na mbu mmoja. Akavitazama vidole vyake, akavifuta ukutani kwangu, vikanata na chokaa.

"Hili ua," akauliza, "au ubuyu?"