Mfanyakazi Bora wa Masika

Kila Mei Mosi tunapandisha watu jukwaani, tunawapa vyeti na bahasha, kisha tunarudi nyumbani bila kumtaja mchapakazi ambaye tangu Machi hajalala hata usiku mmoja. Namsema fangasi anayeozesha mshubiri kwenye kopo la kibarazani. Hana mkataba, hana posho, hajawahi kuomba ruhusa ya kwenda msibani. Mvua zikianza tu, naye amesharipoti kazini.

Tuanze na ukoo, maana hasifiwi mtu bila kutajwa kwao. Jina lake la kitabuni ni Fusarium, na anayemdharau na ajiulize ni nani anayemuumulia mandazi yake: hamira nayo ni kuvu. Penisilini aliyoigundua Alexander Fleming mwaka 1928 ilitoka kwa kuvu. Binamu yake mmoja, Fusarium venenatum, huliwa Uingereza tangu 1985 kwa jina la Quorn, na watu wasiogusa nyama wanamkata kwa kisu na uma mezani. Kweli, yupo na ndugu wa kuonewa haya, yule aliyeteketeza mashamba ya ndizi za Gros Michel kule Amerika ya Kati mpaka wafanyabiashara wakakimbilia Cavendish. Lakini ukoo gani hauna mtoto wa hivyo? Na penye shughuli hajakosekana mdandiaji: Pythium, ambaye kila mtu humwita fangasi ingawa kwa nasaba yuko karibu zaidi na mwani wa kahawia. Spora zake zina mikia miwili na huogelea. Mwenye kopo lisilo na tundu amemchimbia bwawa.

Cha kumsifu zaidi Fusarium ni adabu. Havunji mlango. Mshubiri asili yake ni nchi kavu ya Uarabuni, kwenye milima ya kaskazini mwa Omani, na ute wa ndani ya jani lake ni maji kwa zaidi ya asilimia 98. Ni msafiri anayetembea na mtungi wake. Hata vitundu vyake vya kupumulia huvifungua usiku na kuvifunga mchana ili unyevu usipotee. Mmea wa namna hiyo, hapa kwetu, unamwagiwa maji asubuhi na jioni pamoja na maua mengine kwa sababu mwenye nyumba ana huruma. Maji yanajaza kila nafasi ya udongo, hewa inakimbia, mizizi inakosa pumzi na kuanza kufa. Hapo ndipo fangasi anapobisha hodi. Anaingia kupitia mzizi uliokwisha kuchoka, anapanda kuelekea kwenye kitako cha mmea, na lile joto la nyuzi 28 linalotutoa jasho Mombasa na Dar es Salaam ndilo hasa linalompa nguvu.

Werevu wake ni wa kuvuliwa kofia. Mizizi iliyooza haipandishi maji, basi majani yanasinyaa na kulegea, na jirani anayepita anatoa ushauri: “Shoga, huo mshubiri wako una kiu.” Mwenye nyumba anakimbilia ndoo. Ni mfanyakazi gani mwingine aliyewahi kumfanya bosi amletee vifaa vya kazi mwenyewe, tena mbio? Kufikia siku ambayo kitako kimegeuka kahawia, jani la chini likibonyezwa linatoa maji yenye harufu, na mmea mzima umeegemea ukuta, kazi imekwisha na ripoti imeandikwa.

Sasa oneni malipo yake. Wakishamgundua, wanaung'oa mmea mzima, wanakung'uta udongo wote na kuupeleka jalalani, mbali na bustani, maana ndani yake anaweza kujificha miaka mingi kwa spora za ganda nene. (Subira hiyo peke yake ingestahili nishani.) Wanachukua kisu, wanakifuta kwa spiriti, wanakata kila palipo kahawia, wanakifuta tena kabla ya kukata pengine, hadi nyama ibaki safi bila doa. Hawatosheki. Kidonda wanakipaka mdalasini wa unga, ule ule wa jikoni, kwa kuwa mafuta yake humzuia kuvu kukua; wengine hutumia salfa. Kisha mmea unaanikwa kivulini penye upepo siku kadhaa, bila udongo na bila tone la maji, mpaka kidonda kifanye gamba. Ukipandwa tena, unapandwa kwenye udongo mkavu na kusubirishwa wiki nyingine. Mgonjwa ananyimwa maji na eti ndiyo tiba! Kopo nalo linasuguliwa kwa jiki, sehemu moja kwa tisa za maji.

Wenye pupa hukimbilia duka la pembejeo kununua mankozebu au unga wa shaba. Hapo fangasi hutabasamu, na mimi namuunga mkono. Dawa hizo hukinga sehemu iliyo nzima. Mzizi uliokwisha kuwa uji hazifufui. Na mshubiri ukishapuliziwa, sijui nani atathubutu kupaka ute wake usoni.

Wanaonisikitisha hasa ni wale wanaomnyima ajira tangu mwanzo. Wanatoboa kopo matundu, tena chini yake hawaachi kisahani kilichojaa maji. Wanapenda chungu cha udongo kisichopakwa rangi, kwa kuwa kinakausha haraka. Udongo wao karibu nusu ni mchanga wa mto wenye chenga kubwa, kamwe si wa ufukweni wenye chumvi, pamoja na vipande vya mkaa. Mwenye nafasi huponda na lile jiwe jepesi la volkano la kusugulia visigino. Kumwagilia kwao hakuna ratiba: wanachomeka kijiti hadi chini, kikitoka na unyevu wanaahirisha. Masika ikiingia, kopo linahamia chini ya upenu na ndoo inasahauliwa. Katika nyumba kama hizo mchapakazi wetu hana la kufanya.

Bahati nzuri mshubiri huzaa, na watu wetu ni wakarimu. Kila kichipukizi kinang'olewa kwa ajili ya jirani, shemeji au mgeni wa kutoka bara, kinafungwa kwenye mfuko pamoja na konzi nzuri ya udongo wa kwao ili kisione ugeni. Nauli yake fangasi imelipwa hapo hapo, na huko aendako wanamsubiri na ndoo.