Uwanja Mkubwa Nyuma ya Nyumba

Barua ya kazi ilipofika kutoka hospitali moja ya Houston, baba watoto hakuangalia mshahara. Aliangalia kodi. Sisi tulikuwa Columbus, Ohio, ambako jimbo hukata chake na jiji nalo huchukua asilimia mbili na nusu ya mshahara kabla mtu hajanunua hata mkate. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, na Houston haitozi ya jiji. Akazunguka sebuleni akihesabu kwa vidole pesa ambazo hazijaingia bado, na kabla ya isha alikuwa ameshampigia mama yake Mombasa kumwambia kwamba safari hii hatupangi. Tunanunua.

Kumwambia mama mkwe jambo ni kuitisha baraza. Kulipokucha kila mtu alikuwa ameweka sharti lake. Mama mkwe alitaka msikiti wa karibu, majirani wanaojua kusalimiana, na riba isivuke kizingiti. Binti yetu mkubwa alitaka shule yenye timu ya kuogelea. Shemeji wa Minneapolis, ambaye hajawahi kununua hata banda la kuku, akajiteua mshauri wa mikopo. Mimi nilitaka jiko lenye dirisha, nikanyamaza, maana nilijua wote wakishachoka kusema, karatasi zitaangukia kwangu.

Dalali tuliyempata Houston alikuwa mama mchangamfu, mwenye gari kubwa na baridi kali ndani yake. Tukiwa barabarani mama mkwe akapiga, simu ikawekwa sauti ya juu.

"Muulize, mwanangu, huo mtaa una watu gani?"

Nikamfasiria. Dalali akatabasamu, kisha akaanza kusifu miti. Nikarudia swali, akasifu mifereji. Ilibidi nimweleze mama mkwe kwamba huku kuna sheria ya makazi ya mwaka 1968 inayokataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba, na dalali akianza kumwelekeza mteja mtaa kwa rangi au dini ya wakazi wake, anajitia mashakani. Mama mkwe akaguna. Kwao Mombasa dalali hukuambia hata jirani wa upande wa kibla amenuniana na mkewe tangu lini.

"Basi huyo si dalali," akasema. "Huyo ni dereva."

Sheria hiyo naiunga mkono kwa mikono miwili, lakini kazi ya kuujua mtaa ikabaki yetu. Tukaifanya tulivyojua: Ijumaa baba watoto alitazama viatu mlangoni mwa msikiti, vimejaa au vimepwaya. Mimi niliingia madukani Bellaire Boulevard, kwa Wavietnamu na Wachina, nikakuta muhogo, ndizi mbichi na samaki mwenye macho angavu. Kwa upande wangu, kusini magharibi ya jiji ilikuwa imeshapita mtihani.

Lakini baba watoto alikuwa ameshapenda kwingine. Magharibi kabisa, upande wa Katy, alionyeshwa nyumba yenye dari ya juu, ngazi ya kupinda, na jiko ambalo, nakiri, lilikuwa na dirisha. Dirisha lenyewe lilitazama pori tulivu: nyasi, miti, njia ya baiskeli, paa wakila bila hofu. Mwenye nyumba akasema kwa fahari kwamba nyuma hapo hapajengwi milele, ni ardhi ya serikali. Jioni ile baba watoto akanunua baiskeli. Nyumba bado si yetu, baiskeli imeshaegeshwa ukumbini hotelini.

Hakuna aliyeuliza kwa nini serikali, katika jiji linalojenga kila kipande (Houston haina hata mpango wa kutenga maeneo, gereji inaweza kusimama ubavuni mwa nyumba ya kuishi), iache uwanja mkubwa namna ile kwa ajili ya paa. Aliyeuliza ni binti yetu, kwa sababu ya kuchoka tu. Alikuwa kitandani na simu, akafungua ramani, akafuata ile njia ya baiskeli hadi akagonga tuta refu la udongo.

"Baba, tuta hili la nini?"

Lilikuwa la bwawa. Houston ilipozama katika mafuriko ya 1929 na 1935, Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani kilijenga mabwawa mawili, Barker na Addicks, ili kuzuia maji yasiteremke mjini. Siku nyingi za mwaka ni makavu, ndiyo maana ndani yake mna bustani na viwanja vya mpira. Mvua kubwa ikinyesha, maji hukusanywa nyuma ya tuta na kurudi juu yakitafuta nafasi. Serikali ilinunua sehemu tu ya ardhi ambayo bwawa likijaa linaweza kuifunika; iliyobaki ilikuwa ya watu binafsi, na miaka ilivyopita wakajenga vitongoji humo. Agosti 2017 kilipokuja kimbunga Harvey, maelfu ya nyumba za nyuma ya matuta yale ziliingia maji. Njia ya baiskeli ya baba watoto ilipita katikati ya bwawa.

"Lakini haipo kwenye eneo la mafuriko," akajitetea. "Benki haitadai bima ya mafuriko."

Hapo ndipo nilipoanza kuzisoma karatasi kwa makini. Benki hulazimika kudai bima hiyo pale tu nyumba inapoangukia eneo ambalo ramani ya serikali kuu inaliona lina uwezekano wa angalau asilimia moja ya kufurika kila mwaka. Asilimia moja inasikika ndogo. Ukiipitisha katika miaka 30 ya mkopo, inafika kama asilimia 26. Nje ya mstari huo benki hunyamaza, na watu huuchukua ukimya wake kama cheti cha usalama. Nyumba nyingi zilizozama kwa Harvey zilikuwa nje ya mstari.

Tulipoomba fomu ya maelezo ya muuzaji, jibu lilikuwepo, limetiwa alama ndogo. Tangu Septemba 2019 sheria ya Texas inamtaka muuzaji aseme kama nyumba iliwahi kuingia maji na kama imo ndani ya eneo la bwawa. Mwenye nyumba hakusema uongo. Alitia alama yake kwenye karatasi, akatuonyesha paa.

Mama mkwe alipoelezwa alicheka hadi akakohoa. "Mnatoka pwani, mnakwenda kununua nyumba ndani ya kisima?"

Tukarudi kusini magharibi, kwenye nyumba ya matofali ya miaka ya sabini, ya ghorofa moja, mali ya ajuza mjane aliyekuwa akihamia kwa mwanawe. Bei dola 310,000. Jiko lina dirisha. Linatazama ukuta wa jirani, lakini ni dirisha. Sasa ikaja zamu ya mkopo, na vuli ile ya 2023 ndiyo riba ya miaka 30 ilipopanda hadi karibu na asilimia nane, kiwango ambacho hakikuonekana tangu 2000.

Baba watoto alijaza ombi kwa kampuni moja ya mtandaoni usiku. Kulipopambazuka simu yake haikunyamaza. Rekodi yake ya mikopo ilipokaguliwa tu, taarifa kwamba anatafuta nyumba ziliuzwa kwa wakopeshaji wengine, na kila mmoja alimwita kwa jina la kwanza kama mtoto wa shangazi. Akaanza kupokea simu kwa kunong'ona. Shemeji akamtisha kwamba kila ukaguzi unamshushia alama; si hivyo, kwa kuwa maombi ya mkopo wa nyumba yakifanywa ndani ya muda mfupi huhesabiwa kama ukaguzi mmoja. Nikachukua simu ile, nikachagua watatu, nikataka kwa kila mmoja ile karatasi ya makadirio yenye kurasa tatu, ambayo kisheria lazima aitume ndani ya siku tatu za kazi tangu apokee ombi.

Nikazitandaza kwenye meza ya hoteli kama karata.

Wa kwanza, benki, alitoa asilimia 7.625 bila masharti ya pembeni. Wa pili, ile kampuni ya mtandaoni, alitoa 7.125, na baba watoto akapiga kofi kwa furaha. Ukurasa wa pili ulieleza: riba ile ilikuwa imenunuliwa kwa asilimia mbili ya mkopo, dola 5,580 za kulipa siku ya kusaini. Ungeokoa kama dola 95 kwa mwezi, kwa hiyo karibu miaka mitano ipite kabla hujarudisha pesa yako mwenyewe, na riba ikishuka ukakopa upya, umeitupa.

Wa tatu alikuwa wa mama mkwe: kampuni inayofuata sharia. Hakopeshi, ananunua nyumba pamoja nawe, nawe unanunua hisa zake mwezi hadi mwezi na kulipia matumizi ya zile zilizobaki. Malipo yalikuwa juu kidogo ya benki. Shemeji akasema hayo ni yale yale yamevaa kanzu, tena Freddie Mac, kampuni inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, hununua mikataba hiyo kama inavyonunua ya mabenki. Mama mkwe akamjibu kwamba nikaha na uzinzi navyo vinafanana kwa mpita njia. Sauti ya juu ilikuwa imewashwa na watoto walikuwepo. Mjadala ukafungwa.

Kilichonishangaza ni kwamba yule wa mtandaoni, hata ukiondoa riba, malipo yake ya mwezi yalikuwa madogo mno. Nikafuata mstari wa kodi ya nyumba. Alikuwa amenakili kodi anayolipa ajuza. Texas mtu akifika miaka 65, kodi ya shule ya nyumba anayoishi hufungwa isipande, na yule bibi alikuwa ameshaifunga zamani. Siku anapouza, kikomo hicho kinaondoka naye. Kwa kiwango halisi cha mtaa ule, kama asilimia mbili na robo, sisi tungelipa karibu dola 7,000 kwa mwaka, kabla ya punguzo la mwenye makazi kuishusha kidogo baadaye. Kampuni ingetukusanyia kodi ya ajuza mwaka mzima, kisha ituletee barua ya pengo. Nikamwuliza afisa wao kwa simu. Akasema wateja wengi hawalalamiki mpaka mwaka wa pili.

Baba watoto akaketi. Ile kodi ya mapato aliyoikimbia Ohio ilikuwa imetangulia Texas, ikamsubiri kwenye nyumba. Nikamwambia ashukuru: vitongoji vipya vina pia tozo ya wilaya ya maji, kulipia mabomba na mifereji iliyojengwa kwa pesa za hati fungani, na jumla huweza kupita asilimia tatu ya thamani.

Tukasaini na kampuni ya mama mkwe. Bima ya mafuriko nikaikata siku hiyo hiyo, ingawa hakuna aliyeidai; ukiikata pamoja na ununuzi hungoji zile siku 30 za kawaida. Baba watoto alinung'unika kuhusu gharama hadi fundi wa ukaguzi alipomwonyesha ufa juu ya mlango wa chumba chetu. Udongo wa huku ni mfinyanzi, hukauka ukasinyaa, msingi ukainama, ndiyo maana watu humwagilia maji kuzunguka msingi wa nyumba wakati wa kiangazi.

"Yaani huku," akauliza, "mtu hulipia bima ya maji, kisha hulipia maji ya kumwagilia nyumba?"

Fundi akamwambia ndiyo, na mpira wa kumwagilia aununue mapema, Julai huwa umekwisha madukani.